Neno "tailor" la Kiingereza: ni mshonaji au mkataji? Na "seamstress" na "dressmaker" je?

Kalamu Kavu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua ushonaji na wanaojua lugha, maana suala hili limekaa katikati.

Kuna makala ya Kiingereza kuhusu mafundi wa nguo wa London tangu karne ya 14 hadi ya 19, inatakiwa iingie kwenye Kiswahili. Neno linalokwamisha ni "tailor". Kamusi zinatoa "mshonaji" na "fundi cherehani", basi, zimemaliza. Lakini makala inamtenga "tailor" na wanawake walioshona mashati na mashuka, kana kwamba kushona si kazi yake. Mbele kidogo anatokea "cutter", halafu "seamstress", halafu "dressmaker", na kila mmoja anaonekana kuwa mtu mwingine kabisa.

Asili ya neno hili ni nini hasa? Na hao wanne wanatofautiana kwa kazi au kwa majina tu?

---

Mzizi wa Neno

Mkuu, makala iko sawa, kamusi ndizo zimefupisha mno. Kwa asili yake "tailor" ni mkataji.

Kiingereza kilipata neno hili kutoka kwenye Kifaransa cha watawala wa Kinormani, "taillour", na linaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia mnamo 1300. Kifaransa nacho kililitoa kwenye Kilatini cha zama za mwisho: "taliator", mkataji, kutokana na kitenzi "taliare", kukata. Nyuma ya kitenzi hicho kuna nomino "talea", na hapa mkulima wa muhogo ataelewa upesi kuliko fundi: ni kipande cha shina au tawi kilichokatwa ili kipandwe, yaani pingili. Kwenye mzizi hakuna sindano wala uzi, kuna mti na kisu.

Kifaransa bado kinaonyesha hilo waziwazi. Mchonga mawe anaitwa "tailleur de pierre", na fundi wa nguo zamani aliitwa kwa kirefu "tailleur d'habits", mkata mavazi, ili asichanganywe na wakataji wengine. Waingereza walilichukua neno bila mkia wake, wakabaki na wa nguo pekee.

Ukoo wake ni mkubwa. "Retail", biashara ya rejareja, imetokana na Kifaransa cha kukata kipande kutoka kwenye kitu kizima: jora linafunguliwa, mteja anakatiwa anachohitaji. "Detail" ni kukatakata vipande vidogo. "Entail" ya wanasheria ni kuiwekea mali mipaka ya nani atairithi, mali "iliyokatwa" isitoke nje ya mstari wa uzao fulani. Na "tally", kuhesabu, inarudi palepale kwenye "talea", kijiti.

Huyo "tally" anastahili sentensi mbili tatu. Hazina ya Uingereza iliweka kumbukumbu za fedha kwenye vijiti vya mti wa heizeli. Pauni 1,000 ilikuwa pengo la unene wa kiganja, pauni 100 upana wa dole gumba, pauni 20 upana wa kidole cha mwisho. Kijiti kikishachanjwa, kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu yake, na siku ya kulipana nusu mbili zilikutanishwa. Mapengo yasipolingana, kuna aliyechezea. Mfumo ulifungwa 1826, na tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vilivyobaki vilichomwa kwenye majiko ya chini ya Bunge la Mabwana, moto ukapita kiasi, jengo la Bunge likaungua karibu lote. Binamu wa "tailor" alichoma Bunge!

Turudi kwenye nguo. Lugha nyingi za Ulaya humwita fundi huyu kwa mkasi wake: Kijerumani "Schneider" (schneiden, kukata), Kihungari "szabó", Kipolandi "krawiec", Kiromania "croitor", wote ni wakataji. Upande wetu wa dunia humwita kwa uzi. Kiarabu "khayyat" kimetokana na "khayt", uzi. Wareno wakakibeba pamoja na kiambishi chake, kikawa "alfaiate". Kiajemi, na baada yake Kihindi na Kiurdu, wanasema "darzi", kutokana na "darz", mshono, na sisi tuna "kudarizi" kutoka ukoo huohuo. "Mshonaji" wa Kiswahili anakaa na hawa wa uzi. Ndiyo sababu tafsiri ya neno kwa neno inakukwaza: lugha mbili zimemshika mtu mmoja kwa mikono tofauti.

---

Chaki na Mkasi

Nakubaliana na Mzizi, niongeze kwa nini ukataji ndio uliobeba jina. Sababu iko mezani, haiko kwenye kamusi.

Mshono mbaya unafumuliwa ukarudiwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Zama hizo sufi nzuri ilikuwa mali, na mara nyingi mteja alikuja na kitambaa chake mwenyewe. Kushona mistari iliyonyooka kila nyumba iliweza. Kumkabidhi mtu kitambaa chako akipasue ni jambo jingine, na huyo ndiye aliyekuwa na chama, hati na jina.

Na angalia wakati wenyewe. Nguo za zamani za Ulaya zilikatwa kwa vipande vya mstatili na pembetatu, kwa hesabu ileile ya majoho na kanzu: karibu hakuna kinachotupwa, na umbo la mvaaji halina neno. Katika karne ya 14 mambo yakabadilika. Nguo zikaanza kubana kiwiliwili, vifungo vikashika mbele, mikono ikapachikwa kwenye kwapa lililokatwa kwa mviringo. Mistari ikishapinda, huwezi tena kubahatisha.

Chukua mkono wa koti. Mzingo wa kichwa cha mkono hukatwa ukiwa mkubwa kuliko mzingo wa kwapa kwa sm 3 hadi 5, na ile ziada hulishwa kidogokidogo kwa uzi wa bandi, yaani mshono wa muda, kisha ikapigwa pasi ya mvuke mpaka ipotee. Ziada ikipungua, koti linabana juu ya bega na mvaaji hainui mkono. Ikizidi, hasa kwenye kitambaa kisichosinyaa kama polista, unapata vikunjo juu ya bega ambavyo hakuna pasi ya kuviondoa. Mkono ukigeuzwa mbele au nyuma kuliko mtu anavyoning'iniza mkono wake, mikunjo ya mshazari inatokea hata kama mshono ni safi. Mshonaji atalaumiwa, na kosa ni la aliyekata.

Vivyo hivyo kwa uelekeo wa uzi. Mguu wa suruali unatakiwa ufuate mtande, nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa. Karatasi ya ramani, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, ikilala upande kidogo tu, suruali inajisokota na mshono wa nje unahamia mbele ya kisigino baada ya kufuliwa. Kitambaa cha mahameli au chochote chenye manyoya, vipande vyote vikatwe vikitazama upande mmoja, la sivyo mguu mmoja utaonekana mweusi kuliko mwingine. Cha mistari au miraba kinataka nyongeza ya kama nusu mita ili mistari ikutane kwenye mishono. Suti ya vipande viwili kwa mtu wa wastani ni kama mita 3.5 za kitambaa cha upana wa sm 150, na kabla ya chaki kugusa kitu, kitambaa kisinyazwe kwanza kwa mvuke.

Sasa jambo litakalokusaidia kwenye tafsiri. Katika maduka ya Savile Row, mtaa wa mafundi suti huko London, hadi leo kazi imegawanywa. Anayempima mteja, kuchora ramani na kukata anaitwa "cutter". Anayepokea lile furushi na kushona anaitwa "tailor", tena wapo wa makoti, wa suruali na wa vizibao mbalimbali. Yaani neno lililomaanisha mkataji sasa ndani ya karakana linamaanisha asiyekata! Nje ya karakana, kwa mteja wa kawaida, "tailor" ni fundi mzima. Kwa hiyo tazama nani anazungumza na ni karne gani.

---

Kalamu Kavu

Asanteni sana, hilo la mwisho ndilo lililokuwa linanichanganya. Kuna neno "bespoke" linaambatana nalo kila mahali, nimeona linatafsiriwa "ya kifahari". Ni sahihi?

---

Chaki na Mkasi

Hapana. "Bespoke" ni kitu kilichoagizwa, kutoka "bespeak", kuagiza kwa kunena: kitambaa kimeshasemewa, kina mwenyewe. Kiswahili kina neno zuri tayari, nguo ya kushonesha, dhidi ya nguo ya tayari au ya dukani. Bei haimo kwenye maana.

Kwa watu wa kazi tofauti ni hii. Ya kushonesha kwa maana kali inachorewa ramani mpya kwa mwili wa mteja, inapigwa bandi kwa uzi mweupe bila mifuko, mteja anaivaa, inafumuliwa yote, inapigwa chaki na kukatwa upya, kisha inarudi kujaribiwa mara ya pili na mara nyingi ya tatu. Ndani yake huachwa kitambaa cha akiba, kama sm 2.5 ubavuni na hadi sm 4 makalioni mwa suruali, ili itanuliwe mwenye nayo akinenepa. Kuna nyingine inayoanza na ramani ya kiwanda inayorekebishwa vipimo viwili vitatu, ikakatwa kwa mashine. Mwaka 2008 mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza iliamua kwamba hata hii ya pili inaweza kutangazwa kama "bespoke", jambo lililowakera sana watu wa Savile Row. Kwa makala yako ya karne ya 14 hadi 19, "ya kushonesha" inatosha.

---

Bi Mshazari

Niwachukue wanawake waliosahauliwa hapa.

"Seamstress" ina historia ya kuchekesha. Kiingereza cha kale kilikuwa na "seamere" kwa mshonaji mwanamume na "seamestre" kwa mwanamke. Ile "-estre", leo "-ster", ilikuwa alama ya kike, ndiyo iliyomo kwenye "spinster", ambaye alikuwa mwanamke msokota uzi kabla hajawa mwanamke asiyeolewa. Baadaye watu wakasahau kwamba "-ster" ni ya kike, kwa hiyo katika karne ya 17 wakabandika alama nyingine, "-ess". Neno likawa la kike mara mbili.

Kazi yake ilikuwa mishono ya moja kwa moja: mashati, mashuka, nguo za ndani, vitu vya kitani na pamba. Ilikuwa kazi ya kulipwa kwa kipande, na malipo yalikuwa duni.

"Dressmaker" ni mwingine. Huyu anabuni na kukata gauni zima. Ni jina lililoenea katika karne ya 19. Kabla yake Waingereza walisema "mantua-maker", kutokana na aina ya gauni la wazi mbele lililovaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 17. Ufaransa ndiko mpaka ulikochorwa kwa sheria: 1675 Louis XIV aliwaruhusu wanawake washonaji wa Paris wawe na chama chao, wawashonee wanawake na watoto. Kabla ya hapo mafundi wanaume walikuwa wameishika kazi hiyo, na hata baada ya hapo walijibakizia sehemu ngumu, bodi zenye mifupa ya kukaza kiwiliwili. Chama kiliitwa cha "couturières", kutoka "couture", kushona. Ona basi: mwanamume ana jina la mkasi, mwanamke ana jina la sindano. Hilo halikuwa bahati mbaya.

Na umbo la kiume, "couturier", lilipopata utukufu, alilipatia Mwingereza. Charles Frederick Worth alifungua nyumba yake Paris 1858, akawa anabuni mwenyewe kisha wateja wanachagua, badala ya mteja kuja na wazo lake. "Haute couture" leo ni jina linalolindwa na sheria ya Ufaransa tangu 1945, si kila mwenye duka anaweza kulitumia, kwa hiyo usilitafsiri ovyo.

Kiufundi tofauti ya "tailor" na "dressmaker" haiko kwenye jinsia ya mvaaji. Iko ndani ya nguo. Koti la "tailor" linasimama kwa vitu usivyoviona: kanvasi yenye nywele za farasi kifuani, mishono midogo ya mkono inayoiambatanisha na kola ili ijikunje yenyewe, na sufi iliyosinyazwa hapa na kuvutwa pale kwa pasi yenye mvuke. Kazi ya "dressmaker" inategemea namna kitambaa kinavyoanguka, pamoja na mikunjo ya kushonwa kifuani na kiunoni. Kitenge ni pamba, hakisinyai kwa pasi namna hiyo. Ukitaka blauzi ya kitenge ishike mwili, umbo litoke kwenye mkato na mikunjo, pasi haitakusaidia. Ndiyo maana koti la kitenge bila kanvasi kola zake huchanua baada ya kufuliwa mara chache, hata likiwa limeshonwa na mtu hodari.

---

Pweza wa Bara

Mmesahau kikao. Msuli mrefu kuliko yote mwilini unaitwa "sartorius", kutoka Kilatini "sartor", fundi wa nguo, kwa maana ya asili mtia viraka. Unatoka kwenye nyonga, unapita mshazari mbele ya paja, unashika ndani chini ya goti, na unafanya kazi unapokunja mguu kuketi kimarufaa. Mafundi waliketi hivyo juu ya meza karibu na dirisha: mwanga unatosha, kitambaa hakigusi sakafu, na uzito wa koti unabebwa mapajani usiuvute mshono. Wafaransa na Wajerumani bado wanaita kikao hicho cha fundi nguo. Madhara yake pia yana jina, uvimbe wa mfupa upande wa kidole kidogo cha mguu, ambao Waingereza wanauita wa "tailor" kwa kuwa ndio upande uliokandamizwa na meza siku nzima.

Pia kuna ndege. Wa Asia, Orthotomus sutorius, hutoboa kingo za jani kwa mdomo, akapitisha nyuzi za buibui au za mimea, akapata mfuko wa kutagia. Waingereza walimwita "tailorbird". Jamaa zake wa Afrika wamepewa jina hilohilo, na mmoja, Artisornis moreaui, anaishi misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na ni wa kutafutwa kwa tochi. Ajabu ni kwamba ndege hakati chochote, anashona tu, kwa hiyo kufika wakati huo neno lilikuwa limeshahamia kwenye sindano.

Kama makala ina methali kwamba mafundi nguo tisa ndio mtu mmoja, hiyo ni dharau ya zamani, eti kukaa na sindano kunadhoofisha. Wapo wanaosema ni "tellers", mapigo ya kengele ya msiba, tatu mara tatu kwa mwanamume, yaliyosikika vibaya. Tafsiri dharau, kengele iweke kwenye maelezo ya chini.

---

Kalamu Kavu

Swali la mwisho. "Fundi cherehani" kwa mtu wa 1327 ni kosa? Na "Merchant Taylors" niandikeje, mbona wana "y"?

---

Mzizi wa Neno

Ni kosa, tena la wazi. "Cherehani" imejengwa juu ya Kiajemi "charkh", gurudumu, sawa na "cherehe" ya kunolea visu. Gurudumu hilo halikuwapo London 1327. Mashine ya Barthélemy Thimonnier ilipata hataza Ufaransa 1830, ya Elias Howe 1846 Marekani, ya Singer 1851. Kabla ya hapo kila mshono ni wa mkono. Baada ya 1851 endelea na "fundi cherehani" bila wasiwasi.

Mimi ningefanya hivi. Kwa zama za kati, "fundi nguo" katika maandishi ya kawaida, na "mkata nguo" pale sentensi inapomtofautisha na washonaji. "Seamstress" ni mshonaji wa kike. "Dressmaker" ni fundi magauni. "Cutter" wa karne ya 19 ni mkataji, na hapo "tailor" anayepokea kazi kutoka kwake awe mshonaji, kama Chaki alivyoeleza. Kitenzi "to tailor" chenye maana ya kurekebisha kitu kimfae mtu fulani, usikipeleke kwenye nguo kabisa, sema "kuandaa mahsusi kwa".

Kuhusu "y", ni tahajia ya zamani tu, ndiyo iliyobaki kwenye jina la ukoo Taylor. Jina la ukoo halitafsiriwi. Chama chao kilipata hati ya kifalme 1327, na mwanzoni kilikuwa cha mafundi nguo pamoja na washonaji wa zile nguo nene za kitani zilizojazwa pamba au vitambaa, zinazovaliwa chini ya deraya, vazi la chuma la vitani. Ukikutana na "linen armourers" humo, ndio hao, usije ukaandika wahunzi. Andika "Chama cha Merchant Taylors" na "y" yake, ufafanue mara ya kwanza tu kuwa ni chama cha wafanyabiashara mafundi nguo.

Na kama makala inadai kwamba usemi "at sixes and sevens" (kuwa katika vurugu) ulizaliwa kwenye ugomvi wao na chama cha wauza ngozi za manyoya, weka alama ya shaka. Ugomvi ulikuwepo: 1484 Meya wa London aliamua vyama hivyo vipokezane nafasi ya sita na ya saba kila mwaka. Lakini mshairi Chaucer alishaandika "six and sevene" karibu miaka 100 kabla.